Shahidi Ambaye Mahakama Haikuwa Naye: Kesi ya Mary Ann Cotton na Tamthiliya Yake

Tamthiliya ya televisheni iitwayo Dark Angel, iliyoonyeshwa na kituo cha ITV cha Uingereza mwaka 2016 katika sehemu mbili, ya kwanza tarehe 31 Oktoba na ya pili wiki moja baadaye, inamhusu Mary Ann Cotton, mwanamke wa mkoa wa Durham, kaskazini mashariki ya England, aliyenyongwa mwezi Machi 1873 kwa kosa la kumwua mtoto wake wa kambo kwa sumu. Kesi hiyo ni ya zama za Malkia Victoria, aliyetawala tangu 1837 hadi 1901, zama ambazo magazeti ya Waingereza yaliuza nakala nyingi kwa habari za watu waliotiliwa sumu na waume, wake, watumishi au madaktari wao. Mazungumzo haya yanaitazama kwa upande mmoja tu, nao ni ule umbali uliopo kati ya kile anachoonyeshwa mtazamaji wa televisheni na kile ambacho mahakama ya Durham iliweza kukijua. Katika tamthiliya mtazamaji huuona mkono ukimimina chai kutoka kwenye buli, naye hujua kilichomo ndani ya chai hiyo kabla mnywaji hajaigusa. Mahakamani hakufika mtu yeyote aliyeuona mkono huo ukitia sumu, na kila kilichosemwa pale kilitokana na makaratasi, makaburi yaliyofukuliwa, chupa za maabara na kumbukumbu za majirani. Kamera, kwa maneno mengine, ni shahidi ambaye mwendesha mashtaka wa mwaka 1873 hakuwa naye, na inafaa kuulizwa shahidi huyo amepatikana wapi.

Kwanza ni lazima kuieleza sumu yenyewe, kwa sababu bila ya kuijua tabia yake haieleweki kwa nini vifo vingi kiasi hicho vilipita bila ya kuulizwa. Arseniki ni elementi inayopatikana ndani ya miamba pamoja na madini mengine, na iliyouzwa madukani karne ya 19 ilikuwa oksaidi yake, unga mweupe uliofanana na sukari au unga wa ngano, usio na harufu wala ladha ya kumshtua mtu, na unaoyeyuka vizuri zaidi katika kinywaji cha moto kuliko katika cha baridi. Chini ya robo ya kijiko cha chai kiliweza kumwua mtu mzima. Unga huo ulipatikana kwa wingi na kwa bei ndogo, kwa kuwa ulikuwa mabaki ya uyeyushaji wa madini ya shaba na bati kusini magharibi ya England, na matumizi yake halali yalikuwa mengi: uliua panya na kunguni, uliogesha kondoo wenye kupe, na ulitumika kutengeneza rangi ya kijani iliyopendwa mno katika karatasi za kubandika ukutani. Madhara ya kuuacha ovyo yalionekana mjini Bradford mwaka 1858, pale arseniki ilipouzwa kwa makosa badala ya unga wa jasi uliokuwa ukichanganywa kwenye peremende ili kupunguza gharama ya sukari, watu wapatao 20 wakafa na zaidi ya 200 wakaugua.

Mtu aliyekula arseniki hutapika, huhara, huumwa tumbo kwa ukali, hushikwa na kiu isiyokatika, kisha misuli hukakamaa na moyo hushindwa. Dalili hizo, moja baada ya nyingine, ndizo za kipindupindu, na zinakaribiana sana na za yale maradhi ambayo madaktari wa wakati ule waliyaita homa ya tumbo, jina pana lililofunika karibu kila ugonjwa wa matumbo ambao chanzo chake hakikujulikana. Mji wa Sunderland, ambamo Mary Ann aliishi kwa muda katika utu uzima wake, ndio uliokuwa mlango wa kipindupindu kilipoingia Uingereza kwa mara ya kwanza mwaka 1831, mwaka mmoja kabla yeye hajazaliwa. Katika England nzima, kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, takriban 150 hawakufikisha mwaka mmoja, na katika vijiji vya wachimbaji wa makaa ya mawe, ambako maji yalichotwa karibu na vyoo na familia nzima ililala chumba kimoja, hali ilikuwa mbaya zaidi. Daktari aliyeitwa kumwona mtoto anayehara katika nyumba ya mchimbaji hakuwa na sababu ya kushangaa, wala mara nyingi hakuwa na muda, kwa kuwa wagonjwa wa namna hiyo walikuwa wakimngoja katika kila mtaa.

Mary Ann Robson alizaliwa mwezi Oktoba 1832 katika kijiji cha Low Moorsley. Baba yake, mchimbaji wa migodi, alikufa mwaka 1842 kwa kutumbukia ndani ya shimo la mgodi wa Murton, na mama yake akaolewa tena. Mwaka 1852 binti huyo aliolewa na William Mowbray, kibarua aliyehamahama kutafuta kazi, nao wakaishi kwa muda kusini magharibi ya nchi, ambako watoto wao kadhaa walifariki wakiwa wadogo. Baada ya kurudi kaskazini mashariki Mowbray alikufa mwezi Januari 1865 kwa ugonjwa wa matumbo, na mjane akalipwa na kampuni ya bima pauni 35, fedha iliyokaribia mshahara wa nusu mwaka wa mfanyakazi wa mikono. Kabla ya mwaka huo kwisha alikuwa ameolewa na George Ward, aliyekuwa mgonjwa katika hospitali ya Sunderland ambamo yeye alifanya kazi, na Ward naye akafa mwezi Oktoba 1866. Mwezi uliofuata akaajiriwa kutunza nyumba ya James Robinson, fundi wa kuunda meli aliyefiwa na mkewe, na muda mfupi baadaye mtoto mchanga wa Robinson akafariki. Mwaka 1867 alikwenda kumwuguza mama yake mzazi, naye akafa siku chache baada ya binti kufika. Mwezi Aprili wa mwaka huohuo wakafa Isabella, binti aliyezaliwa na Mowbray, na watoto wengine wawili wa Robinson. Mwezi Agosti Robinson alimwoa.

Robinson anastahili kutajwa peke yake, kwa kuwa ndiye mume pekee aliyebaki hai. Mkewe alimhimiza akatiwe bima ya maisha, naye akakataa. Baadaye akagundua kwamba mke huyo alikuwa amekopa bila ya kumwambia na kwamba fedha alizopewa azipeleke benki hazikufika zote, ndipo akamfukuza. Hakumfukuza kwa sababu ya vifo bali kwa sababu ya hesabu za fedha. Jambo hilo ni dogo, lakini linaonyesha jinsi mambo yalivyokuwa yakionekana kwa mtu aliyekuwa ndani ya nyumba yenyewe: kupotea kwa pauni kulimshtua haraka kuliko kufa kwa watoto, kwa kuwa kifo cha mtoto kilikuwa na maelezo yake tayari, na upungufu wa fedha haukuwa nayo.

Bila ya ndoa ile kuvunjwa kisheria, mwezi Septemba 1870 Mary Ann akaolewa na Frederick Cotton, mchimbaji wa makaa ya mawe aliyekuwa ametoka kufiwa na mkewe, na kwa hiyo hata jina ambalo historia inamjua kwalo lilitokana na ndoa iliyokuwa batili. Margaret, dada yake Cotton aliyewakutanisha, alikuwa amekwisha kufa kwa ugonjwa wa tumbo miezi michache kabla. Familia ilihamia kijiji cha West Auckland, na kabla ya mwaka 1871 kwisha Frederick Cotton alikuwa kaburini. Mwezi Machi na siku ya kwanza ya Aprili 1872 walikufa watu watatu ndani ya nyumba moja: Frederick mdogo, mtoto wa marehemu, Robert, mtoto mchanga aliyezaliwa na Mary Ann mwenyewe, na Joseph Nattrass, mpangaji wake ambaye pia alikuwa mpenzi wake wa zamani. Akabaki mtoto mmoja wa Cotton, Charles Edward, mwenye umri wa miaka saba. Mama wa kambo wakati huo alikuwa na mimba ya afisa wa ushuru ambaye yeye alimwuguza ndui.

Kesi nzima ilianza kwa maongezi ya kiofisi yasiyo na uzito wowote. Thomas Riley, afisa msaidizi wa kijiji aliyeshughulikia misaada ya maskini, alimwomba Mary Ann aende kumwuguza mgonjwa wa ndui, naye akajibu kwamba mtoto yule anamzuia, akauliza kama hawezi kupelekwa katika makao ya maskini, yaani zile nyumba za serikali za mitaa ambamo wasio na riziki walipewa chakula na malazi kwa masharti ya kufanya kazi ngumu. Riley akamweleza kwamba mtoto hapokelewi bila ya mlezi wake kuingia naye. Hapo mwanamke akasema kwamba hatasumbuka muda mrefu, kwa kuwa mtoto huyo ataondoka kama walivyoondoka wengine wa ukoo wa Cotton. Siku chache baadaye, tarehe 12 Julai 1872, Charles Edward alikufa, na Riley, aliyemwona mtoto huyo akiwa mzima, akaenda polisi, kisha akamwomba Dakta William Byers Kilburn asitoe cheti cha kifo mpaka uchunguzi ufanyike.

Cheti hicho ndicho kilichokuwa ufunguo. Mary Ann, mara mtoto alipofariki, alikwenda kwanza kwa wakala wa bima, akaambiwa kwamba hakuna malipo bila ya cheti cha daktari. Baraza la uchunguzi wa kifo, yaani kikao cha raia walioapishwa chini ya afisa anayechunguza vifo vya ghafla, liliketi upesi likaamua kwamba kifo kilikuwa cha kawaida, baada ya Kilburn kuufungua mwili kwa haraka na kutoona cha kutiliwa shaka. Mshukiwa alieleza kwamba alimpa mtoto uji wa uwanga tu. Hata hivyo daktari alikuwa amehifadhi sehemu ya vitu vilivyotoka tumboni, na magazeti ya huko yalipoanza kuandika juu ya mfululizo wa vifo, akavipima akakuta arseniki. Mary Ann akakamatwa tarehe 18 Julai, mwili wa mtoto ukafukuliwa, na viungo vyake vikapelekwa kwa Dakta Thomas Scattergood wa Leeds, ambaye naye akapata jibu lilelile. Baadaye ilifukuliwa miili ya Nattrass na ya watoto wale wawili, yote ikakutwa na sumu. Kaburi la Frederick Cotton lilitafutwa lisipatikane, kwa sababu maskini walizikwa bila ya alama ya kudumu.

Kipimo alichotumia Kilburn kiliitwa kwa jina la mvumbuzi wake, Hugo Reinsch, mkemia wa Kijerumani aliyekitangaza mwaka 1841. Kinachopimwa huchemshwa pamoja na asidi ya haidrokloriki na kipande cha shaba iliyosuguliwa, na ikiwa arseniki imo, shaba huvaa utando wa kijivu au mweusi, ambao ukitiwa moto ndani ya mrija wa kioo hutoa fuwele nyeupe zinazoonekana kwa darubini. Kabla yake palikuwa na kipimo cha James Marsh cha mwaka 1836, kinachogeuza arseniki kuwa gesi na kuacha utando unaong'aa juu ya kioo. Marsh alikibuni baada ya mshtakiwa mmoja kuachiwa huru kwa sababu ushahidi wa kemia aliouonyesha mbele ya juri ulikuwa umeharibika. Vipimo hivyo viliwapa majaji imani kubwa, pengine kubwa mno. Mwaka 1859 Dakta Thomas Smethurst alihukumiwa kifo kwa kumtilia sumu mwanamke aliyekuwa akiishi naye, ingawa wakati wa kesi Profesa Alfred Swaine Taylor, bingwa wa sumu aliyesikilizwa kuliko wote England, alikuwa amekwisha kukiri kwamba arseniki aliyoitangaza mwanzo ilitoka katika shaba ya kipimo chake mwenyewe. Smethurst akasamehewa kosa la kuua, kisha akafungwa kwa kuoa wake wawili.

Wakili wa utetezi huko Durham, Thomas Campbell Foster, hakukana kwamba arseniki ilikuwemo katika mwili wa Charles Edward. Alichobisha ni njia iliyoifikisha humo. Chumba alimokufa mtoto kilikuwa na karatasi za ukutani za rangi ya kijani, na ilijulikana kwamba rangi hiyo ilitengenezwa kwa arseniki na kwamba vumbi lake lilidhuru watu. Tena palikuwa na mchanganyiko wa sabuni laini na arseniki uliopakwa kitandani kuua kunguni, ambao jirani mmoja alikiri kuwa yeye ndiye aliyetumwa dukani kuununua. Mtoto, kwa hoja ya Foster, angeweza kuvuta vumbi au kupata chembe zilizokauka. Msikilizaji wa leo anaweza kuicheka hoja hiyo, lakini mwaka 1873 haikuwa ya kuchekwa, kwa maana madaktari wenye sifa walikuwa wakiandika juu ya watoto waliougua kwa sababu ya karatasi za vyumba vyao.

Kilichoibomoa hoja hiyo kilikuwa uamuzi wa jaji, Sir Thomas Dickson Archibald, wa kuruhusu juri isikie habari za vifo vingine vya West Auckland, ijapokuwa mshtakiwa alikuwa akijibu shtaka la kifo kimoja tu. Juri ni baraza la raia 12 wanaoapishwa kuamua ukweli wa mambo, naye jaji huwaongoza katika sheria. Kwa kawaida sheria ya Kiingereza ya wakati huo ilizuia watu hao kuambiwa maovu mengine ya mshtakiwa, kwa kuhofia kwamba wangemhukumu kwa sifa yake badala ya ushahidi wa kosa lenyewe. Lakini pale mshtakiwa alipodai kwamba jambo lilitokea kwa bahati mbaya, matukio mengine yaliyofanana nalo yaliweza kupokewa, si ili kuonyesha kwamba yeye ni mtu mwovu, bali ili kupima kama bahati mbaya inaweza kujirudia mara nyingi kiasi hicho mahali pamoja. Vumbi la ukutani linaweza kumwua mtoto mmoja; watu wanne wa nyumba moja ndani ya miezi minne ni jambo jingine. Charles Russell, mwendesha mashtaka, aliujenga mlolongo huo kwa utulivu, na juri ikarudi baada ya saa moja na nusu ikiwa na neno la hatia.

Kanuni hiyo ina njia ya kweli inayofika Afrika Mashariki. Mwaka uleule wa 1872, Mary Ann alipokuwa akikamatwa, ilianza kutumika Sheria ya Ushahidi ya India, iliyotungwa na mwanasheria James Fitzjames Stephen, na ambayo baadaye Waingereza waliitumia katika himaya zao za upande huu kabla Kenya na Tanzania hazijatunga sheria zao za ushahidi, ambazo nazo zilichota mengi kutoka humo. Katika kueleza jinsi ya kutofautisha ajali na kusudi, Stephen alitoa mfano wa mtu anayeshtakiwa kwa kuchoma nyumba yake ili apate bima, ikajulikana kwamba aliishi katika nyumba kadhaa mfululizo, kila moja akaikatia bima, kila moja ikaungua, na kila mara akalipwa na kampuni tofauti. Badala ya nyumba ukiweka waume na watoto, mfano huo unakuwa mashtaka ya Durham karibu neno kwa neno. Stephen huyohuyo, akiwa jaji mwaka 1889, ndiye aliyesikiliza mjini Liverpool kesi ya Florence Maybrick, Mmarekani aliyeshtakiwa kumwua mumewe kwa arseniki, na wakili aliyemtetea Bi. Maybrick alikuwa Charles Russell, safari hii akiwa upande wa pili wa meza. Bi. Maybrick alihukumiwa kifo, adhabu ikageuzwa kuwa kifungo, akatoka gerezani mwaka 1904.

Kuna jambo jingine ambalo tamthiliya yoyote ya kesi hizi hulifunika bila ya kukusudia. Mpaka ilipopitishwa sheria ya ushahidi wa jinai ya mwaka 1898, mshtakiwa wa kosa kama hilo nchini England hakuruhusiwa kutoa ushahidi wa kiapo katika kesi yake mwenyewe, wala mahakama ya rufaa ya jinai haikuwapo hadi 1907. Mary Ann Cotton, ambaye alikuwa amejifungua mtoto wa kike gerezani mwezi Januari, aliketi kizimbani siku zote za kesi huku watu wengine wakimsemea na kumsema, na neno lake lililopimwa zaidi kuliko yote likawa lile alilomwambia Riley. Tangu kukamatwa hadi kunyongwa aliendelea kukana. Kwa hiyo nia yake, ile sababu ya ndani ambayo kila mtazamaji hutaka kuijua, haimo katika kumbukumbu za kesi. Bima imo, madeni yamo, mpenzi mpya yumo, lakini vyote hivyo ni vitu vya nje ambavyo watu wengi walikuwa navyo bila ya kumwua mtu.

Mwandishi wa Dark Angel, Gwyneth Hughes, alipaswa kuujaza utupu huo, na aliujaza kwa hamu ya mwanamke maskini kutaka kutoka katika maisha ya mashimo ya makaa, mimba za kila mwaka na vyumba vyenye unyevu. Kazi hiyo ilitokana na kitabu cha David Wilson, mtaalamu wa elimu ya jinai, ambacho jina lake linamwita Mary Ann mwuaji wa mfululizo wa kwanza wa kike katika Uingereza, yaani mtu anayeua watu kadhaa kwa nyakati tofauti huku akiishi maisha ya kawaida katikati ya mauaji hayo. Neno "kwanza" hapo lina ubishi wake, kwa maana Mary Ann Geering wa Sussex alikuwa amenyongwa tangu 1849 kwa kumwua mumewe kwa arseniki, wana wake wawili wakiwa wamekufa pia, na kesi yake ni miongoni mwa zile zilizoifungulia njia kanuni ya matukio yanayofanana. Muongozaji alikuwa Brian Percival, na aliyeigiza Mary Ann alikuwa Joanne Froggatt, ambaye watazamaji walikwisha kumpenda katika Downton Abbey kama Anna, mtumishi mwema asiyepumzishwa na misiba. Uteuzi huo ulikuwa wa werevu, kwa sababu uso ule uliokwisha kuaminiwa unamfanya mtazamaji awe katika hali waliyokuwa nayo majirani wa West Auckland, waliomwona mwuguzi mzuri anayekesha na wagonjwa.

Sifa hiyo ni ya haki, lakini ina gharama. Mtazamaji akisha kuuona unga mweupe ukiingia katika chai, madaktari wote wanaofuata wanaonekana wapumbavu, na mume anayelalamika tumbo anaonekana kipofu. Katika hali halisi hawakuwa vipofu. Walikuwa wakitazama nyumba ambamo watu walikuwa wakifa kama walivyokufa katika nyumba za jirani. Tena mkono wa kamera hauna shaka, kwa hiyo unaua wote kwa usawa, wale ambao miili yao ilipimwa ikakutwa na sumu na wale ambao hawakupimwa kamwe. Idadi ya watu 21 inayorudiwa mara nyingi juu ya Mary Ann Cotton ni hesabu ya watu waliokufa karibu yake, si hesabu ya watu waliothibitishwa kuuawa naye. Miili iliyopimwa ilikuwa minne, na hukumu ilikuwa ya mmoja. Pengine wengi wa waliobaki waliuawa kweli, na mfululizo wa bima unaelekeza huko. Lakini miongoni mwa watoto wale waliokufa kusini magharibi katika miaka ya 1850, nani aliondoka kwa kuhara na nani kwa kitu kingine, hilo halina tena njia ya kujulikana, na televisheni haina namna ya kuigiza kutojua.

Sheria nayo ilikuwa imejaribu kuweka jicho mahali ambapo hapakuwa na shahidi. Tangu 1851 mnunuzi wa arseniki alipaswa kuandikwa katika daftari la mwuzaji, asiyejulikana alitakiwa kuja na shahidi, na unga uliouzwa kwa kiasi kidogo ulichanganywa na masizi au nili ili rangi iuumbue ndani ya chakula. Wakati mswada huo ukijadiliwa lilitolewa pendekezo kwamba wanawake wasiuziwe kabisa, na mwanafalsafa John Stuart Mill akamwandikia waziri wa mambo ya ndani kulipinga, akiliona kuwa linaifanya jinsia nzima kuwa ya wauaji watarajiwa, likaondolewa. Dawa ya kunguni iliyokwisha kuchanganywa na sabuni, hata hivyo, iliendelea kununuliwa kwa peni chache na jirani aliyetumwa.

Mary Ann Cotton alinyongwa ndani ya gereza la Durham tarehe 24 Machi 1873 na mnyongaji William Calcraft, aliyetumia kamba fupi, na kwa hiyo hakufa kwa kuvunjika shingo bali kwa kukabwa, kwa muda wa dakika kadhaa. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha sheria ya kuandikisha vizazi na vifo, iliyomlazimisha daktari aliyemtibu mgonjwa kuandika sababu ya kifo chake, jambo ambalo hadi hapo lilitegemea desturi tu, na mwaka 1875 sheria ya vyama vya kusaidiana ikaweka kikomo cha fedha ambazo zingeweza kulipwa kwa kifo cha mtoto: pauni 6 kwa aliye chini ya miaka mitano, na pauni 10 kwa aliye chini ya miaka kumi.